Askari Akikosea, Uanzie Wapi? Ushauri kwa Wakazi wa Mbulu na Hanang

Swali hili halikauki. Linatoka Katesh, Haydom, Dongobesh na Bassotu, na kila mara lina sura ileile. Kijana kalala lokapu siku tatu bila kufikishwa mahakamani. Pikipiki imekaa kituoni tangu masika na hakuna anayesema ina kosa gani. Mama kaombwa hela ya mafuta ya difenda ndipo wezi wa ng'ombe wake wafuatwe. Kisha msomaji anamalizia: huyu askari ana mkubwa gani ambaye mimi raia wa kawaida naweza kumfikia?

Mkubwa yupo, na yupo zaidi ya mmoja. Tatizo ni kwamba wengi tunamwendea tukiwa tumechelewa, mikono mitupu, na hasira kifuani.

Kwanza, usicho nacho

Wilayani hakuna baraza la raia lenye mamlaka juu ya polisi. Madiwani hawakumwajiri mkuu wa polisi wa wilaya (OCD) na hawawezi kumwondoa. Polisi ni jeshi la taifa, liko chini ya Inspekta Jenerali wa Polisi (IGP) na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Kamati ya usalama ya wilaya ipo na mwenyekiti wake ni mkuu wa wilaya, lakini OCD mwenyewe ni mjumbe, na vikao vyake havina viti vya wananchi.

Jirani zetu Kenya walitunga sheria mwaka 2011 na kuunda IPOA, mamlaka ya kiraia ya kuwachunguza polisi, na mtu akifa au kuumizwa vibaya mikononi mwa polisi, mamlaka hiyo lazima itaarifiwe. Sisi hatuna chombo cha namna hiyo. Tume ya Rais ya haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilikabidhi ripoti yake Julai 2023 ikapendekeza mageuzi makubwa ndani ya Jeshi la Polisi. Mageuzi yakija, vema. Aliyekamatiwa mwanawe Yaeda Chini jana usiku hawezi kuyasubiri.

Anacho hiki:

- ngazi za polisi wenyewe, kutoka mkuu wa kituo (OCS) hadi OCD wa wilaya, kisha kamanda wa polisi wa mkoa (RPC) mjini Babati;
- TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, pale ambapo fedha imetajwa;
- Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, makao makuu Dodoma;
- mahakama;
- mkutano mkuu wa kijiji, ambao watu wengi hawaufikirii kabisa, na mimi nitakaa nao zaidi kuliko vyote.

Vyote hivi vinaendeshwa kwa karatasi. Malalamiko ya mdomo yanaishia kaunta.

Siku ya tukio: usitoke mikono mitupu

Kabla hujafikiria kwenda kwa mkubwa yeyote, kusanya haya siku hiyohiyo, hata kama ni nyuma ya daftari la mtoto:

1. Tarehe, saa na mahali. "Wiki iliyopita mnadani" haitoshi. Andika mnada gani, upande gani, saa ngapi.
2. Jina la askari au namba yake. Sare ina jina au namba. Ukikosa vyote, andika cheo begani, umbo lake, namba za gari au pikipiki aliyokuja nayo.
3. Namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo, kama ilipokelewa. Ukiambiwa "nenda tu, tutakuita", jibu kwa upole: "Naomba RB yangu, afande." Usiondoke kaunta bila hiyo namba.
4. Majina ya walioona, na vijiji vyao. Si lazima wakubali kutoa ushahidi leo. Unachotaka ni kujua wapo.
5. Kilichochukuliwa, na hati yake. Polisi wakipekua na kuchukua mali, sheria inawataka waache hati inayoorodhesha walichochukua, ikiwa na saini za waliokuwepo. Pikipiki, simu, fedha, hata debe la mahindi, vyote viandikwe. Usitie saini kwenye hati yenye nafasi tupu. Kata mstari nafasi hiyo kwanza.
6. Majeraha. Kama hali ni ya hatari, tibiwa kwanza, fomu itafuata. Vinginevyo chukua PF3, fomu ya polisi ya matibabu, nayo ni bure. Kama aliyekupiga ni wa kituo hichohicho na unaogopa kurudi, nenda kituo kingine. Hakikisha daktari anaandika alichokiona mwilini: ukubwa wa jeraha, upande, rangi ya uvimbe. "Alipigwa" peke yake haimsaidii hakimu.

Msiniambie karatasi hazina maana kwetu. Watu wa Mulbadaw, Hanang, waliishtaki NAFCO, shirika la umma la kilimo, kwa ajili ya ardhi iliyogeuzwa mashamba ya ngano. Walishinda Mahakama Kuu, kisha wakashindwa Mahakama ya Rufani miaka ya 1980, kwa sababu mojawapo kwamba kijiji hakikuthibitisha kuwa kiligawiwa ardhi ile. Ng'ombe wao walikuwa wamekula majani pale kabla trekta halijafika, na bado haikutosha.

Dole gumba

Hapa nitasimama, kwa sababu hapa ndipo wazee wetu wanapoumia zaidi.

Bibi wa Kibarbaig ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni tu anaitwa kituoni kuhusu ugomvi wa malisho. Askari anauliza, bibi anajibu anavyoweza, askari anaandika kwa Kiswahili cha kipolisi. Mwisho karatasi inasogezwa, kidole kinapakwa wino, kwisha. Miezi sita baadaye hakimu anasoma maelezo ambayo bibi hajawahi kuyasikia, yana maneno kama "nilikiri" na "kwa makusudi".

Mtu asiyeelewa lugha ya mahojiano ana haki ya mkalimani. Haijalishi lugha yake ni Kidatoga, Kiiraqw au Kihadza. Kwa hiyo:

- Asikubali kuhojiwa kwa lugha asiyoimudu. Aseme mapema, na hilo liandikwe.
- Mkalimani asiwe mlalamikaji wala ndugu yake. Utashangaa jinsi hili linavyotokea mara nyingi.
- Kabla ya kuweka dole, maelezo yasomwe yote, kwa sauti, kwa lugha yake. Penye kosa pasahihishwe, naye aweke dole gumba pembeni ya sahihisho.
- Ana haki ya kutaka ndugu, rafiki au wakili ajulishwe yuko wapi.

Kipindi cha msingi cha mahojiano ya mtu aliye chini ya ulinzi ni saa 4. Kikiongezwa, kuna utaratibu wake. Mtu aliyehojiwa kuanzia asubuhi hadi usiku ana jambo la kuandika kwenye malalamiko yake.

Saa 24 na dhamana

Aliyekamatwa bila hati ya mahakama anapaswa kuambiwa kosa lake, na asipoachiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, isipokuwa kwa kosa linaloadhibiwa kwa kifo. Yako makosa yasiyo na dhamana, kama mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha. Kuchungia ng'ombe shambani kwa mtu, kugombana kilabuni na kudaiwa deni hayamo humo.

Utaambiwa, "Leo Jumamosi, dhamana mpaka Jumatatu." Mwaka 2018 aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, Kangi Lugola, aliagiza hadharani dhamana itolewe saa 24, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Likumbushe hilo kwa adabu, na uje na mdhamini mwenye barua ya mtendaji wa kijiji na kitambulisho. Mdhamini asiye na barua ndiye sababu halali ambayo kituo huipata ya kukurudisha nyumbani.

Na dhamana ya polisi hailipiwi. Ukitoa fedha mkononi ukaondoka bila stakabadhi, hukumtoa mtu kwa dhamana; umetoa rushwa, na sheria inakuhesabu wewe pia.

"Mafuta ya difenda"

Najua pingamizi lenu: askari kweli hawana mafuta, na bila kuchangia ng'ombe watavuka Singida kabla ya jua kuchwa. Sitabisha. Vituo vyetu vina eneo kubwa na magari machache, na wako askari wanaotumia hela zao kufuatilia mifugo ya watu. Hao wasifiwe kwa majina, kwa barua, kama tunavyowalalamikia wengine.

Lakini mchango wa mtu mmoja kwa askari mmoja, gizani, ni mlango wa kununuliwa. Mwizi naye ana hela ya mafuta, tena kukuzidi. Kama kijiji kimeamua kusaidia, fanyeni hivi:

- uamuzi upitishwe na halmashauri ya kijiji na uandikwe kwenye muhtasari;
- OCS ajulishwe kwa barua na mtendaji;
- mafuta yanunuliwe kituo cha mafuta na risiti ibaki kijijini; fedha taslimu isipite mkononi mwa askari.

Askari akikataa utaratibu huo na kung'ang'ania fedha, umeshajua ni kesi ya nani. TAKUKURU wana ofisi wilayani na simu ya bure, 113. Piga kabla ya kutoa. Ukishatoa, wewe unabaki na hadithi tu. Kabla hujatoa, wanaweza kuandaa mtego.

Barua yenyewe

Ukurasa mmoja unatosha. Kuna watu huandika kurasa saba zikianzia kwa babu yao na mgogoro wa mpaka wa mwaka 1974. Hakuna OCD atakayezimaliza. Fuata mpangilio huu:

1. Jina lako, kijiji, kata, simu.
2. Kichwa kinachosema jambo: "Malalamiko dhidi ya askari namba fulani wa kituo fulani kwa kushikilia pikipiki bila hati."
3. Kilichotokea, kwa mfululizo wa saa. Andika uliyoyaona. Uliyosimuliwa, taja nani alikusimulia.
4. Ushahidi: RB, PF3, hati ya ukamataji, majina ya mashahidi.
5. Unachotaka. Hapa wengi wanakosea. "Naomba haki itendeke" haimpi mtu kazi ya kufanya. Andika: "Naomba pikipiki yangu irudishwe au nipelekwe mahakamani", "Naomba jalada lihamishiwe kwa mpelelezi mwingine."
6. Tarehe na saini.

Toa nakala mbili. Moja waachie, ya pili wagonge mhuri wa kupokea na kuandika tarehe, urudi nayo. Wakikataa kugonga mhuri, tuma kwa rejista ya posta na utunze risiti.

Ngazi, na lini upande

Anza na OCS, isipokuwa kama mlalamikiwa ni yeye mwenyewe. Mpe siku 7, kisha OCD, kisha RPC. Siku hizo nazipendekeza mimi, hazimo kwenye sheria, ila zinakupa sababu ya kusema: "Nilisubiri, hii hapa barua ya kwanza yenye mhuri." Kwa jambo la mwili wa mtu, kipigo au mtu asiyejulikana alipo, usisubiri hata siku moja, nenda ngazi zote kwa pamoja.

*Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.* Imo kwenye katiba, ibara ya 129, na ina sheria yake ya 2001. Inapokea malalamiko bila malipo na haihitaji wakili. Ina mamlaka ya kuchunguza na kuita mashahidi. Jua mipaka yake: haigusi jambo lililo mbele ya mahakama, na mwisho wa kazi yake ni mapendekezo. Hata hivyo barua ya tume ikifika mezani kwa RPC huwa inasomwa.

*Mahakama.* Ndugu akishikiliwa bila kupelekwa mahakamani, Mahakama Kuu inaweza kuombwa iamuru aletwe mbele yake. Ukitaka fidia, Serikali hupewa kwanza notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali huunganishwa. Hii ni njia ndefu, itafutie msaada. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Uliza ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri walipo, na usikubali anayedai malipo kwa jina hilo.

Mkutano wa kijiji, silaha iliyolala

Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji uitwe angalau kila miezi mitatu. Kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe. Halmashauri ya kijiji ina kamati ya ulinzi na usalama. Tena siku hizi kata zimepangiwa wakaguzi wa polisi. Yote haya yapo, na bado mikutano yetu inajadili michango ya darasa tu.

Mtu mmoja akilalamika, anatajwa jina. Kijiji kikiuliza, hakuna wa kutajwa. Ombeni mtendaji aweke ajenda, amwalike mkaguzi wa kata kwa barua, na muulize mambo yanayohesabika:

- Katika miezi mitatu iliyopita, taarifa ngapi za wizi wa mifugo zimepokelewa kutoka kijiji chetu? Ngapi zimefika mahakamani?
- Pikipiki ngapi za wakazi wetu ziko kituoni, na kila moja kwa kosa gani?
- Malalamiko yaliyoandikwa mkutano uliopita yamejibiwa vipi?
- Mwananchi asiporidhika na mkaguzi, amwone nani, na kwa simu ipi?

Msiulize ratiba ya doria, majina ya watoa taarifa wala undani wa jalada linaloendelea. Hayo akikataa ana haki, na mkiyang'ang'ania mtaonekana mnatafuta jingine.

Majibu yaandikwe kwenye muhtasari, yagongwe mhuri, nakala iende kwa diwani. Diwani hana amri kwa polisi, lakini anaweza kuyapeleka kwenye baraza la madiwani, na mbunge anaweza kuyageuza swali bungeni, ambako waziri hujibu kwenye kumbukumbu rasmi. Mkaguzi asipokuja, nalo liandikwe: aliitwa kwa barua ya tarehe fulani, hakufika.

Na mkiwa hapohapo, jiulizeni kuhusu mgambo na vijana wenu wa ulinzi. Kijiji kinachowafunga watuhumiwa kamba na kuwachapa hakina uso wa kumsema askari.

"Nitabambikiwa kesi"

Hofu hii si ya kijinga na sitaicheka. Ipunguze hivi:

- Usiende kituoni peke yako. Nenda na mtu mzima anayeheshimika, ikiwezekana mwenyekiti wa kitongoji.
- Acha nakala ya barua kwa watu wawili wasioishi nyumba moja nawe.
- Peleka nakala nje ya wilaya mapema. Malalamiko yanayojulikana Babati na Dodoma si rahisi kuyazima Katesh.
- Ukikamatwa, usikimbie wala usivutane. Hata ukamataji usio halali unabishaniwa kwa hakimu. Ukimpiga askari ngumi unampa kesi ya kweli.

Wazee wasuluhishe?

Wairaqw wana wazee wao, Wabarbaig wana mabaraza yao, hata la wanawake, girgwageda gademga, ambalo wanaume wengi huliogopa kuliko mahakama. Kwa lugha mbaya, dharau au ugomvi wa askari na jirani yake, wazee wanaweza kumaliza. Kwa rushwa, kipigo kilichovunja mfupa, ubakaji au kifo, hapana. Askari anayeomba "tuyamalize kimila" baada ya kuvunja mkono wa mtu anajua anachokikimbia. Wazee na wakae, lakini barua iende.

Mtu akifia mikononi mwa polisi

Usizike haraka. Sheria ya uchunguzi wa vifo inataka kifo cha mtu aliye mahabusu kichunguzwe. Ombeni kwa maandishi uchunguzi wa mwili ufanyike daktari wa upande wa familia akiwepo, na andikieni RPC, Tume ya Haki za Binadamu na Mwendesha Mashtaka wa Serikali siku hiyohiyo.

Mkisema askari hafungwi, kumbukeni mwandishi Daudi Mwangosi, aliyeuawa Nyololo, Iringa, Septemba 2012. Askari aliyeshtakiwa alihukumiwa mwaka 2016 kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Picha zilizopigwa palepale zilikuwa sehemu kubwa ya habari hiyo. Na Februari 2022, baada ya polisi 7 kushtakiwa kwa mauaji ya mfanyabiashara mkoani Mtwara, Rais Samia Suluhu Hassan alikataa hadharani polisi wajichunguze wenyewe, akamwagiza Waziri Mkuu kuunda timu nyingine. Nanyi mkiandika barua yenu, ombeni hilohilo: mchunguzi asiwe wa kituo kinacholalamikiwa.

Makosa ninayoyaona kila mara

- Kurusha tuhuma kwenye kundi la WhatsApp kabla ya kuandika barua. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 itageuzwa dhidi yako, na mlalamikiwa atakuwa amejiandaa. Picha na video zitunze, mpe anayechunguza.
- Kutia chumvi. Walikuwa askari wawili, usiseme sita.
- Kufuta malalamiko kwa kulipwa elfu hamsini, kisha kurudi mwezi unaofuata.
- Kumpa "mtu wa mjini anayejuana na wakubwa" fedha akufuatilie.
- Kupoteza RB.

Muulize mtendaji wako wiki hii mkutano mkuu ujao ni tarehe ngapi, na mpe ajenda ya polisi kwa maandishi kabla tangazo halijabandikwa.